Kutoka Biafra hadi Chamazi kumfuata shangazi

Maelekezo niliyopewa na binamu yangu kwa simu yalikuwa haya: "Ukishuka Rangi Tatu, panda gari za Chamazi, teremka kwenye duka la Mangi aliyehama, kisha uliza nyumba ya bibi aliyekuja juzi." Mgeni wa jiji letu angedhani anataniwa. Mimi niliyezaliwa Kinondoni sikuona kasoro yoyote katika maneno hayo, na nilifika bila kupotea.

Mwaka 2022 Serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi, na nyumba zikapewa namba. Mwaka huohuo sensa ikahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Hata hivyo sijamsikia mtu wa Tandale akiitaja namba ya nyumba yake. Atakwambia yuko kwa Mtogole. Wa Manzese atakwambia shuka kwa Mfuga Mbwa, na hata mzee mwenye kilemba na tasbihi mkononi huitaja anwani hiyo bila kukunja uso. Mahali petu huitwa kwa mtu, kwa mti au kwa tukio, na mtu akifa au mti ukikatwa, jina hubaki palepale likiendelea na kazi.

Jina linalonistaajabisha kuliko yote liko karibu na kwetu: viwanja vya Biafra. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria. Vita vile vikaisha Januari 1970, Biafra ikarejea ndani ya Nigeria, na katika ramani ya dunia haimo tena. Kinondoni imo. Makonda wameitangaza kwa sauti kubwa, watoto wamecheza mpira juu yake, na watu wamekusanyika hapo kwa mikutano na mihadhara. Niliwahi kumweleza jambo hili mfanyabiashara wa Kinigeria niliyekutana naye Kariakoo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ni kweli mtu anaweza kwenda Biafra kwa bodaboda. Nikamjibu kuwa anaweza, ila apatane bei kwanza.

Nirudi kwenye safari yangu. Nyumba ya marehemu babu, iliyoko mitaa miwili kutoka viwanja hivyo, haijagawiwa tangu alipofariki. Amepatikana mnunuzi anayetaka kuivunja ajenge ghorofa, na ndugu wengi wameridhia. Fungu la shangazi linajulikana kisharia, nusu ya fungu la kila ndugu yake wa kiume, na hilo halikuwa na ubishi. Kilichobaki ni ridhaa yake. Aliomba kwanza akakae mwezi mmoja Chamazi kwa bintiye, aonje maisha ya huko ambako ndugu walikuwa wamemtafutia kiwanja. Mwezi ulipokwisha, nikatumwa mimi kulifuata jibu.

Katika gari la Mbagala nilipata kiti, na kabla hatujatoka Kariakoo nilikuwa nimepakatishwa mtoto. Mama yake, aliyesimama na mzigo wa vitenge, hakuniuliza jina wala ninashuka wapi. Alimweka tu mapajani mwangu na kuendelea kuzungumza na simu. Nauli za waliokaa nyuma zilipita mikononi mwetu kwenda kwa konda, na chenji zikarudi kwa njia ileile bila kupungua hata sarafu. Watu hawa hawa, nyumbani, hufunga jiko la mkaa kwa mnyororo lisiibwe. Sijawahi kuuelewa mpaka huo ulipo, lakini upo, na kila abiria anaujua.

Tulipita Mtoni kwa Aziz Ally. Konda hulitamka jina hilo kwa pumzi moja, utadhani ni neno la Kizaramo. Wachache garini wangejua kuwa Aziz Ally alikuwa mkandarasi, na kwamba mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Mtoto niliyempakata alijua jambo moja: wakifika hapo, nyumbani kwa bibi hakuko mbali.

Chamazi ni pazuri, nisiseme uongo. Kuna hewa na nafasi, na minazi haijaisha. Nyumba ya binamu ina ukuta mrefu na geti la chuma. Nilipiga hodi mara tatu, na kwa mujibu wa mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) nilipaswa kugeuka nirudi nilikotoka. Nilibonyeza kengele, ndipo shangazi akatoka akicheka, akaniambia: "Mwanangu, hapa hodi haisikiki."

Kwetu Kinondoni tatizo ni kinyume chake. Jirani huanza kusema hodi akiwa mlangoni, na ya tatu huimalizia akiwa jikoni amekwisha funua sufuria. Suratun-Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe, nasi tumeufanya wajibu huo kuwa king'ora cha kutangaza kwamba tumeshaingia. Ni kosa, na shangazi mwenyewe amelikemea miaka mingi. Siku ile alilizungumzia kama mtu anavyozungumzia chakula cha kwao.

Baada ya shikamoo na habari za kila aliye hai, nikamweleza nililotumwa. Hakuzungumzia fedha hata kidogo. Aliniuliza kama nimewahi kuona jeneza likipita Kinondoni. Nimeliona mara nyingi: wauza kahawa huweka birika chini, fundi baiskeli huacha tairi, vijana wa kijiweni huinuka, na watu wasiomjua maiti hujitosa kubeba kwa zamu, hatua chache kila mmoja, hata jeneza likawa kama linakwenda lenyewe juu ya vichwa vya watu.

"Wiki iliyopita amefariki mzee nyumba ya tatu kutoka hapa," akasema. "Nimepata habari siku ya pili, amekwisha zikwa. Si kwamba watu wa huku ni wabaya. Wanatoka alfajiri, wanarudi usiku, kila mmoja ametoka mtaa wake, hawajawahi kujuana. Watajuana, inshallah. Mimi nina miaka sabini na sita. Mimi nitabebwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kuwa hata Kinondoni majirani wanapungua, kwamba nyumba mbili za mtaa wetu zimekwisha kuwa ghorofa zenye walinzi, na kwamba tukiikataa bei hii huenda nyingine ikawa ndogo. Yote hayo ni kweli, na ndugu zangu walinituma niyaseme. Niliyasema, kwa upole, naye akanisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

Tulikula, tukaswali Alasiri, nikaaga. Nikakumbuka kuwa jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa ameniomba nimrudie na bakuli lake, lile la maua ya buluu, alilomletea shangazi visheti siku ya kuondoka. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Hata ukikosa kitu, utatia ndimu mbili au kijiko cha sukari. Shangazi alilitoa kabatini, akalifuta kwa upande wa kanga, akalitazama, kisha akalirudisha kabatini.

"Mwambie bakuli lake ni zima," akasema. "Ijumaa nitampelekea mwenyewe, na maembe ya huku."