Kuku wa Bibi Hawahesabiwi

Bibi yangu hakupata kusema ana kuku wangapi. Ukimuuliza alijibu, "Wapo," akaendelea kusuka ukili wake. Kwetu kisiwani Tumbatu, kuitaja idadi ya mifugo mbele za watu kulikuwa kukaribisha kijicho. Na wahesabiwe kwa lipi? Asubuhi walifunguliwa mlango wa jiko, wakaparura kijiji kizima cha Jongowe, wakidonoa machicha ya nazi kwa huyu na vichwa vya dagaa kwa yule, magharibi wakarudi wenyewe. Wa bibi walijulikana kwa kipande chekundu cha kanga kuukuu mguuni. Tetea akitagia uani kwa jirani, mayai yaliletwa na mtoto.

Kunguru wa India, waliopelekwa Unguja miaka ya 1890 wale taka za mji, ndio waliotutia adabu kwa vifaranga. Bibi aliwachovya vifaranga wake katika rangi ya zambarau ya ukili, akidai kunguru huiogopa. Mimi niliona wakichukuliwa hivyo hivyo, na zambarau yao.

Lakini kunguru huchukua mmoja mmoja. Mdondo, maradhi ya kuku, husomba. Nilikuwa darasa la tano kuku mmoja alipoanza kusinzia mchana, mbawa zimelegea, kinyesi kijani. Wa pili akapinda shingo kama anayetazama juu ya paa. Wiki haikwisha, uani kukawa kimya, amebaki koo mmoja. Watu walisema ni upepo mbaya. Kumbe upepo tulikuwa sisi: aliyeona wake wanasinzia aliwatia tengani haraka, akavuka nao Mkokotoni kuwauza kabla hawajafa.

Miaka mingi baadaye nilifundishwa kutia chanjo ya mdondo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, maana inastahimili joto kuliko zile za zamani. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku mzima tu. Aliyekwisha ugua haimfai kitu. Chupa moja inatosha mamia, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu, kwa hiyo mtaa mzima lazima ujiandae pamoja, na mchanjaji ajue idadi.

Siku hizi shemeji yangu huitaja yake kwa sauti, tena kwenye simu. Bibi aligoma.

"Andika wapo," aliniambia.

Nikaenda usiku, wamelala. Aliwatoa jikoni mmoja mmoja gizani, akinipakatisha, nami nikiinamisha kichwa cha kuku, tone, nangoja apepese jicho, namrudisha. Joto la kifua chake lilibaki mikononi mwangu hadi alipokuja mwingine.

"Ulikuwa ukihesabu?" akauliza tulipomaliza.

"Sikuhesabu, bibi."

Nilipofika njiani nikawasha tochi, nikafungua daftari, nikaandika 19.