Nauli ya watu wawili kutoka Mobeni

Ukitoka katikati ya Durban kwa South Coast Road kuelekea kusini, ukishapita Clairwood unaingia Mobeni bila hata kujua. Ni maghala na viwanda tupu, malori ya makontena, na vibanda vichache vya kina mama wanaouza chakula kwa wafanyakazi. Jina limetokana na neno la Kizulu umoba, yaani mua. Sikilizeni maneno hayo yalivyo ndugu. Zamani palikuwa na mashamba ya miwa. Mimi sijaona hata shina moja.

Upande wa juu kuna Mobeni Heights, mtaa wa nyumba za watu unaopakana na Chatsworth. Huko ndiko nilikopanga chumba. Kusini kuna Umlazi, na kila alfajiri teksi, yaani daladala za huku, huleta wafanyakazi kutoka huko.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa mama anayefanya usafi kwenye wodi yetu. Sote tunamwita Ma. Kijana alikuwa na miaka 31, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Asubuhi moja, akitoka zamu ya usiku, alianguka kituo cha teksi na hakuamka tena. Moyo.

Katika kazi yetu ya uuguzi nimeona kwamba mzazi aliyeuguza muda mrefu huuliza kama mtoto aliumia. Aliyepigiwa simu ghafla huuliza vitu vidogo. Ma alitaka kujua kama mwanawe alikuwa amevaa koti, kama alikuwa amekula, alikuwa ametazama upande gani. Alinisimulia jinsi alivyokuwa akipiga mluzi kabla ya kugonga mlango, mtu mzima na ndevu zake, ili mama asishtuke.

Kabla ya mazishi walikwenda kumchukua. Mwili ulikuwa mochwari. Waliyemfuata kituoni ni yeye mwenyewe, roho yake. Nilikwenda nao kwa ruhusa ya Ma. Baba mdogo wa marehemu alishika tawi la mti uitwao umlahlankosi, akasimama pale alipoangukia, malori yakipita, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: mwanangu, tumekuja, twende nyumbani. Tangu hapo hakuzungumza na mtu mwingine. Alimweleza marehemu kila hatua: sasa tunapanda teksi, sasa tunakata kona, sasa tumeingia Umlazi. Nauli yake ikalipwa ya watu wawili. Foleni ilikuwa ndefu, lakini kiti cha pembeni yake kilibaki wazi na hakuna aliyenung'unika.

Mti huo ni wa jamii moja na mkunazi wetu. Wasomaji wa pwani mtakumbuka majani ya mkunazi katika maji ya kuoshea maiti. Umlahlankosi una miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kurudi nyuma, na wazee wa huku wana maelezo yao: mmoja waonyesha tuendako, mwingine tulikotoka.

Njiani Ma alimtaja Mzee Sam Meyiwa. Mwanawe Senzo, mtoto wa Umlazi, golikipa na nahodha wa Bafana Bafana, aliuawa kwa risasi tarehe 26 Oktoba 2014 huko Vosloorus, karibu na Johannesburg, akiwa na miaka 27. Durban ilijaa uwanja kumwaga. Baba yake aliendelea kudai haki karibu miaka mitano, akafariki Julai 2019. Polisi walitangaza kuwakamata watuhumiwa watano Oktoba 2020. Ma hakusema mengi. Alisema tu kwamba yeye angalau ameonyeshwa mahali, na ameambiwa ilikuwaje.

Nilifikiria wazazi wetu. Kijana wa Kigoma au Uvira akifa huku, sisi huchanga fedha, tukasafirisha sanduku, au tukamzika hapa na kutuma video ya mazishi. Mama anaona jeneza na watu asiowajua. Mahali mwanawe alipokuwa mara ya mwisho hapajui hata kwa jina, na sisi hatumwambii kwa sababu tunadhani tunamwonea huruma. Sidhani kama ni huruma.

Mwaka jana, mlinzi wa magari, Mkongo, alifariki ghafla kazini hapa Mobeni. Niliombwa nizungumze na mama yake kwa sababu ya Kiswahili changu na kazi yangu. Nilimweleza barabara, ukuta wa ghala, kiti cha plastiki alichokuwa akikalia, na yule mama wa kibandani aliyemfunika kwa kanga yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama hapo alipokaa pana kivuli.

Nikamwambia kipo, cha ukuta, kuanzia saa tisa mchana.