Upepo wa Tairi

Je, umewahi kuteremka mlima kwa baiskeli? Siku moja nilijaza tairi zangu upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe, nikateremka njia ya kokoto kwetu Kansay, wilayani Karatu. Tairi ngumu hugusa ardhi mahali padogo tu. Baiskeli ilirukaruka, ikateleza, nikaanguka.

Safari ya pili nilipunguza upepo kupita kiasi. Tairi zilishika njia vizuri, lakini mpira wa ndani ulibanwa kati ya jiwe na ringi, ukatoboka. Niliisukuma baiskeli hadi nyumbani gizani.

Kwa hiyo, kabla ya safari, bonyeza tairi kwa kidole gumba. Katika njia ya mawe na ibonyee kidogo. Ukipakia mzigo, ongeza upepo. Kwa nini? Jaribu, kisha mweleze mwalimu wako.