BINGWA WA ZAMANI AKIFUNGUA KAMPUNI YA NGUMI: NI MKOMBOZI AU BOSI MPYA?

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani na nani gari lake ni la kuazima. Tuongee ngumi. Najua kuna wengine hapa mtataka kusepa, ila subirini kwanza. Ndani yake kuna hela, kuna ndugu na kuna mkataba, kwa hiyo haya mambo yanatuhusu wote.

Stori iko hivi. Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, jina kapuni. Ni bondia wa hapa hapa Dodoma. Mchana anabeba mizigo soko la Majengo, jioni anapiga tizi Chang'ombe na wenzake sita. Gunia la kupiga wameshona wenyewe, limejaa matambara na mchanga, linaning'inia kwenye mwarobaini. Ukiwakuta msimu wa upepo wanaruka kamba, wote wana rangi moja, ya vumbi. Ameshapanda ulingoni mara tisa, kashinda sita. Karibu zote ni mapambano ya utangulizi kule Dar, yale yanayopigwa watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Wiki tatu zilizopita akaja home na bahasha ya kaki, ndani karatasi nane. Mkataba. Kuna bingwa wa zamani, na huyu naye jina kapuni (wakongwe nikitaja tu mtaa aliokulia mtamjua, kwa hiyo hata mtaa siutaji), amefungua kampuni ya kuandaa mapambano. Anakusanya vijana wa mikoani, anasema amechoka kuona mabondia wananyonywa. Mkataba wote umeandikwa Kiingereza. Bro aliishia la saba, mimi nina form four yangu na bando la intaneti, basi kazi ya kusoma ikaniangukia.

Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe soma tu kwa kujiridhisha. Huyu jamaa naye kapigwa ngumi kama mimi, hawezi kunidhulumu."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya niingie mtandaoni usiku kucha. Kweli mtu aliyepigwa hawezi kukudhulumu? Nikaona nianze na mfano mkubwa kuliko yote duniani, halafu turudi kwetu.

Oscar De La Hoya, wengi mnamjua kwa jina la Golden Boy. Alichukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992, baadaye akawa bingwa wa dunia kwenye uzito sita tofauti. Muda mrefu alikuwa chini ya promota Bob Arum wa Top Rank. Mwaka 2000 akampeleka mahakamani akitaka mkataba wao uvunjwe. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 akafungua kampuni yake, Golden Boy Promotions. Vitabu vya hesabu alimwachia Richard Schaefer, mtu wa benki kutoka Uswisi. Yaani bondia akasema, jamani mimi najua kurusha ngumi, wewe unajua kuhesabu, tukae meza moja.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Shane Mosley alimpiga De La Hoya mara mbili, 2000 na 2003. Bernard Hopkins alimmaliza mwaka 2004, raundi ya tisa, kwa ngumi ya ini. Hao hao aliowapoteza kwao akawaingiza kwenye kampuni kama wabia! Aisee, mimi mtu akinipiga hata kwenye bao simsalimii siku mbili.

Halafu ikaja Mei 5, 2007, De La Hoya na Floyd Mayweather, Las Vegas. Watu milioni 2.4 walilipia kuangalia nyumbani kwao, rekodi kwa wakati ule. De La Hoya alipoteza kwa majaji kugawanyika, lakini alikuwa bondia na promota kwa wakati mmoja, na inasemekana aliondoka na zaidi ya dola milioni 50. Mayweather mwenyewe mwaka mmoja kabla alikuwa amelipa dola 750,000 kujinunua kutoka mkataba wa Top Rank. Watu walimcheka. Leo nani anacheka?

Ukiishia hapo, bro yuko sahihi. Bingwa akishika usukani, mabondia wanakula. Ila stori haikuishia hapo.

Saul Alvarez, yule Canelo wa Mexico, alisaini Golden Boy mwaka 2010. Mwaka 2018 likatangazwa dili la mapambano 11 kwenye DAZN, dola milioni 365. Dunia nzima ilishika mdomo. Miaka miwili tu mbele, Septemba 2020, Canelo akafungua kesi dhidi ya DAZN, dhidi ya Golden Boy, na dhidi ya De La Hoya mwenyewe. Novemba ya mwaka huo akaondoka, yuko huru. Hebu fikiria: yule aliyeenda mahakamani kumkimbia promota wake mwaka 2000, miaka 20 baadaye anashtakiwa na bondia wake anayetaka kumkimbia.

Sisemi De La Hoya ni mbaya. Nasema kiti ni kiti. Ukikaa kwenye kiti cha promota, hesabu zako zinabadilika hata kama pua yako bado imepinda kwa ngumi za zamani. Bondia anataka alipwe zaidi, promota anataka gharama ishuke.

Na tuwe wakweli, promota naye ana mzigo. Analipa ukumbi, ulingo, majaji, daktari, gari la wagonjwa, vibali, na mpinzani kutoka nje anataka tiketi ya ndege na hoteli. Mvua ikinyesha, au siku hiyo Simba na Yanga wanacheza, viti vinabaki vitupu na yeye ndiye anayedaiwa. Anayeweka hela yake ana haki ya kupata faida. Swali langu ni moja tu: bondia anajua faida hiyo ni kiasi gani?

Wenzetu Marekani waliliona hilo. Mwaka 2000 walipitisha sheria yenye jina la Muhammad Ali. Kwa yale mapambano makubwa, promota lazima amwambie bondia ameingiza kiasi gani kwenye pambano lake. Na hairuhusiwi mtu mmoja awe promota wa bondia na hapo hapo ana mkono kwenye umeneja wake. Sababu iko wazi. Meneja kazi yake ni kukupigania upate hela nyingi kutoka kwa promota. Sasa kama ni mtu yule yule, atagombana na nani, kioo?

Turudi kwetu. Ngumi zetu zimepanda sana, tusibeze. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alienda Birmingham kama mtu wa kuziba nafasi, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili tu. Mimi nilikuwa kijana mdogo, kibanda umiza cha mtaani kwetu nusura kianguke siku clip ile ilipowekwa. Siku hizi vitasa vinarushwa Azam, watu wanajaa ukumbini, na ipo kamisheni moja, TPBRC, badala ya zile enzi za PST, TPBC na TPBO kila mmoja na mikanda yake. Mabondia wetu wana soko. Soko likikua, karatasi zinaongezeka. Na karatasi ndiyo sehemu ambayo wengi wetu tunapigwa KO bila kuona ngumi ilikotokea.

Sasa zile karatasi nane za bro. Nilizisoma mara nne, na kamusi pembeni. Nilichokuta:

1. Mkataba ni miaka mitatu, na kampuni inaweza kuongeza miwili bila kumuuliza. Bro ana miaka 26. Toa hesabu mwenyewe.

2. Bingwa ni promota, na pia ni meneja, na kwa umeneja huo anakata asilimia 30 ya malipo ya bondia.

3. Bondia haruhusiwi kupigana chini ya mtu mwingine yeyote. Lakini hakuna sehemu inayosema kampuni itampa mapambano mangapi kwa mwaka. Maana yake anaweza kukaa miaka mitano anapiga gunia pale mwarobaini, na amefungwa kihalali kabisa.

4. Akiumia, matibabu ni juu yake.

Nilimsomea kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele. Alinyamaza muda mrefu, akasema "labda wamekosea kuandika."

Jumamosi tukaenda kumwona bingwa mwenyewe, alikuwa amefikia maeneo ya Sabasaba. Kusema ukweli nilienda na hasira, ila mzee ni mtu wa watu. Alituagizia chai na chapati, akamshika bro mkono akaukunja vidole kuangalia ngumi yake, akamwelekeza jinsi ya kulinda kidole gumba. Shikamoo yangu aliipokea kama baba. Nilipotoa karatasi niliyoandika maswali, hakukasirika. Aliposikia kipengele cha matibabu akacheka, akasema, "Mbona hata mimi nilisaini hivi hivi kijana wangu, na nikawa bingwa."

Pale ndipo nilipoelewa. Mzee hajakaa usiku kupanga jinsi ya kumnyonya bro. Nahisi amechukua karatasi ile ile aliyosainishwa yeye zamani, akafuta jina la promota wake, akaandika la kwake. Ndiyo promota anayoijua. Na mzee huyo huyo, bingwa na mikanda yake yote, mwenyewe alitusimulia kwamba alipostaafu alibaki na pikipiki moja.

Matokeo ya kikao: kakubali kuandika mapambano mawili kwa mwaka, na kakubali kulipa hospitali kwa majeraha ya ulingoni. Nampa heshima yake, angeweza kutufukuza. Ila mawili kagoma. Hataki kuonyesha hela za televisheni na za mlangoni, na hataki bro awe na meneja mwingine. "Nani anaijua ngumi kuliko mimi?" Hakuna, mzee. Lakini hatukuuliza nani anaijua ngumi.

Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Mama mkubwa anasema asaini, bati la nyumba linavuja na bondia hazeeki taratibu. Kocha wake anasema asaini, kwa sababu akikataa mwingine wa Singida atachukua nafasi. Mimi peke yangu ndiye nasema asisaini mpaka kipengele cha umeneja kitoke, au angalau muda ushuke uwe mwaka mmoja. Nyumbani wananiona nina roho mbaya, eti namzibia ndugu yangu riziki. Bro mwenyewe ananisalimia tu, haongezi neno.

Kwa vijana wengine mnaosoma hapa, mabondia, wasanii, wachezaji, hata mamiss: ukiletewa mkataba, omba wa Kiswahili. Omba siku saba uende nao nyumbani. Uliza unaisha lini na unatokaje. Uliza nani analipa ukiumia. Na usimpe promota kazi ya meneja hata kama ni bingwa wa dunia, hata kama ni baba yako mdogo.

Haya, nimemaliza. Naombeni ushauri wa kweli, maana zimebaki siku tisa. Ungekuwa bro, ungesaini au ungeacha? Na kama kuna bondia au mwanasheria humu, aje atufundishe. Matusi kwa mzee sitaki, nitafuta.