Mikono Yenye Ila

Zamani za utoto wangu, katika kigango kimoja kilichokuwa baina ya Nachingwea na Ruangwa, habari za walioileta Injili katika nchi ya Wamwera zilisimuliwa kana kwamba watu wale hawakuwa na ila yoyote, na kila alipotajwa Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa pamoja na wenzake wanne katika nchi ya Liwale mwezi wa Agosti 1905, sisi watoto tulifundishwa kuiheshimu damu yake, wala hatukuambiwa neno juu ya damu nyingine iliyomwagika mwaka ule wa Vita vya Maji Maji. Wazee walioujua upande wa pili walikuwapo, tena wakiketi mabenchi ya mbele kanisani. Lakini walinyamaza, kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo walioyanywa maji ya dawa ya mganga Kinjikitile kabla ya kumiminiwa maji ya ubatizo, na mambo hayo mawili hawakuona pa kuyakutanisha.

Vinywa vilianza kufunguka baada ya Uhuru, hususan mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walipozunguka kusini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Ndipo tuliposikia kwamba Wabenediktini waliojenga misheni za Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890 waliingia chini ya himaya ya serikali ya Wadachi, kwamba baadhi yao waliyadharau matambiko ya babu zetu pasipo kuuliza maana yake, na kwamba, misheni zote mbili zilipokwisha kuchomwa moto na Sista Walburga kuuawa, serikali ile ilijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala hata njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Vijana wa rika langu wakasema kwamba dini iliyopita mlango huo haiwezi kuwa imetoka kwa Mungu. Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajasoma historia ya nchi hii.

Hata hivyo, wenye hoja hiyo walisahau ni nani hasa aliyewafundisha babu zetu kusali. Misheni ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, moshi wa vita ukiwa haujatoweka. Lakini mwaka 1917, majeshi ya Waingereza na Wadachi yalipopigana Narungombe mwezi wa Julai na Mahiwa mwezi wa Oktoba, mapadre wa Kidachi wakachukuliwa na Waingereza, na kwa miaka kadhaa imani ikabaki mikononi mwa walimu wa dini, watu weusi, mafukara, wenye elimu ya madarasa machache, waliolima mihogo na mtama wao asubuhi na kufundisha katekisimu jioni.

Mrithi mmoja wa watu hao nilimwona kwa macho yangu. Tulimwita Mwalimu tu, wala sikupata kusikia mtu mzima akimtaja kwa jina lake. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni, masalio ya njia ya gari-moshi ambayo Waingereza waliijenga kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga, katika ule mradi ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na fedha zisizo kifani, ukaachwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa katika miaka ya 1960. Msimu wa mabibo ulipofika, na uraka, pombe yake, ukaanza kuchachuka, Mwalimu hakutegemeka. Zilikuwapo Jumapili ambazo kipande kile hakikugongwa, na mama mmoja wa kigango chetu alimshitaki kwa padre waziwazi.

Mama huyo huyo, usiku mmoja wa mvua za kwanza za Desemba, alijifungua mtoto ambaye mkunga alimwona hatafika alfajiri. Mwalimu alikuja na kandili, miguu imeloa hadi magotini, akinuka uraka. Akaomba maji kwa kata, akanawa mikono mara tatu, kisha akambatiza yule mtoto kwa sauti isiyotetemeka, akaketi mlangoni hadi kulipokucha, akachimba kaburi yeye mwenyewe. Mama yule hakumshitaki tena.

Watu walibishana iwapo ubatizo wa mkono ule ulikuwa ubatizo. Swali hilo lilikwisha kuulizwa katika bara letu hili hili, upande wa kaskazini, pale wafuasi wa Donato walipozikataa sakramenti za makasisi waliodhaniwa kuisaliti imani wakati wa mateso, naye Agustino, Askofu wa Hippo, mwana wa Afrika, akashikilia mbele ya mkutano wa Karthago mwaka 411 kwamba neema ni ya Kristo, wala haichafuliwi na anayeipokeza. Kwetu sisi jibu halikuja kwa vitabu. Zamani mwalimu aliyeanguka alivuliwa kazi na kuketishwa nyuma mbele ya macho ya watu. Lakini baada ya kuundwa Jimbo la Nachingwea mwaka 1963, ambalo tangu 1986 laitwa Lindi, alikuja padre aliyempokea Mwalimu katika kitubio, akamrudishia kazi, akaweka sharti kwamba katika msimu wa mabibo asaidiwe na mzee mwingine. Alianguka tena, akarudi tena. Sisemi ulevi ni jambo jepesi, kwani nimeona nyumba zilizovunjwa na uraka. Nasema kwamba watu niliowajua, walioshika imani hadi kufa kwao, walifundishwa Baba Yetu na mtu yule.

Leo vijana wa parokia za Mnero, Nachingwea, Nkowe na Mnacho wanaandika historia za makanisa yao. Nawasihi wasianzie kwa maaskofu wala kuishia kwa wazungu. Waende vigangoni kwa wazee waliosalia, waandike majina ya walimu wa dini, vijiji walivyofundisha na miaka yao, na taksiri zao wasizifute.