"Kwangu hukatwi kodi": Wadau, tuongee kuhusu jamaa wa daftari

Leo siongelei nani kaachana na nani. Naongelea sentensi moja fupi inayowapoteza vijana wetu huku Nyanda za Juu Kusini kuliko hata pombe: "Beti kwangu mdogo wangu, kwangu hukatwi kodi."

Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Mtu akitaka kujua mji unaishije asiulize ofisini, aje akae na mimi Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Anakuja fundi magari, anakuja mwalimu, anakuja mama wa viazi, wote "niwekee buku tano haraka, mechi inaanza." Sihukumu mtu. Pesa ni yake na mkeka ni wake. Ila kwa sababu nakaa pale, na kwa sababu kila mwezi napanda basi kwenda Iringa kumwona mama Kihesa, nimeona vitu ambavyo watu hawaviongei kwa sauti.

Tuanze na huyo jamaa wa daftari. Hana bango, hana kompyuta, hana mashine ya kutoa risiti. Ana kaunta buku na kalamu ya bluu. Odds anazinakili kwenye simu, kutoka kwa kampuni zilezile tunazozijua. Unamtajia timu zako, anaandika jina lako, kiasi ulichoweka, na anakutolea maneno matamu. Ukishinda elfu tano anakulipa usiku huohuo, tena mbele za watu. Ukishinda elfu ishirini anakulipa na soda juu. Hapo ndipo anapojenga jina. Watu wanaona kampuni zinakata kodi kwenye ushindi, yeye hakati, basi wanamwona ndiye mtetezi wa wanyonge.

Sasa ngoja tuiangalie hiyo kodi yenyewe, maana wengi wanaisikia tu. Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, kwa Sheria ya mwaka 2003, Sura ya 41. Anayeendesha biashara hiyo lazima awe na leseni, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kodi inakusanywa na TRA. Mchezaji huendi kupanga foleni kulipa, kampuni inakata kwenye ushindi wako kabla haijakupa, halafu inapeleka yenyewe. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha ilishusha kodi ya ushindi wa kubashiri michezo kutoka asilimia 20 hadi 15. Upande wa kampuni, kodi ya mapato ghafi ya mchezo ikapanda kutoka asilimia 25 hadi 30, na hiyo tano ya nyongeza ikaelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kiwango cha ushindi kimeguswa tena baada ya hapo, kwa hiyo usikariri namba ya mwaka juzi. Kila Juni bajeti ikisomwa, sikiliza.

Kwa hesabu ya kibandani kwangu: ukishinda 1,400,000 na kiwango kikawa asilimia 15, inaondoka 210,000. Inauma, sikatai. Hiyo laki mbili na kumi ndiyo jamaa wa daftari anayokuuzia. Anakwambia, "Kwangu ungeichukua yote."

Namba hiyo sijaitoa hewani. Ndiyo namba ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Iringa, anaendesha bodaboda. Pikipiki ni ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu ya 10,000 kwa mwenye chombo, na mkataba ukiisha inakuwa yake. Ni kijana mtulivu, anasaidia wadogo zake shule. Jumamosi moja akaweka 20,000 kwa jamaa wa daftari, timu sita, odds zikagonga 70. Jumapili usiku timu zote sita zikawa zimekubali. Akanipigia simu analia kwa furaha, "Dada, nimemaliza mkataba!"

Jumatatu jamaa akampa hongera, akamwambia aje Ijumaa. Ijumaa akamwambia mwisho wa mwezi. Huku nyuma kijana alishamwambia mwenye pikipiki kwamba anakuja kumaliza deni lote kwa mkupuo, akaacha kupeleka hesabu siku hadi siku. Ilipofika siku ya kumi na mbili mwenye chombo akaja na mtu wake, wakachukua pikipiki. Alipomrudia jamaa wa daftari, jibu likabadilika: "Una ushahidi gani kwamba ulishinda kwangu? Daftari lililoshwa na mvua." Mwisho akasema, kwa ubinadamu wake, atampa elfu ishirini yake aliyoweka, na laki moja ya pole.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mzee mwenye busara, alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wanangu, mkiniandikia barua kwamba mnadai pesa ya kamari ya kwenye daftari, mimi nigonge muhuri wa nini?"

Kuna dada mmoja mwanasheria, mteja wangu wa siku nyingi pale Mwanjelwa. Nikamweleza, akanifafanulia bila kuzunguka. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inauhesabu mkataba wa kuwekeana dau kuwa batili. Maana yake huwezi kwenda mahakamani ukasema "huyu tulibeti, nimeshinda, alipe." Kwa aliye na leseni hali ni tofauti kidogo, kwa sababu yupo chini ya Bodi. Akikuzungusha, una karatasi yenye namba ya mkeka na una pa kupeleka malalamiko, naye ana leseni anayoogopa kuipoteza. Jamaa wa daftari hana cha kupoteza. Unaweza kumripoti kwamba anaendesha mchezo bila leseni, na hilo ni kosa, lakini kumripoti hakukurudishii milioni yako na laki nne.

Kwa hiyo wadau, ule mstari kwenye risiti unaosema "kodi" ndio huohuo unaoonyesha kwamba mkeka wako uliwahi kuwepo, kwamba ulishinda kiasi gani, siku gani, kwa nani. Jamaa anapokwambia hukatwi kodi, anakwambia pia kwamba hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba anadaiwa na wewe.

Msidhani ni waendesha bodaboda tu. Hapa Mbeya kuna MC mmoja, simtaji, mkienda harusi tatu hamkosi kumwona. Ana grupu la WhatsApp la "mikeka ya uhakika", kiingilio 5,000. Anakusanya pesa za wanachama, anabeti kwa laini yake, wakishinda anagawa. Mwaka fulani walipiga mkeka mzuri. Akawaambia, "TRA wamekata karibu nusu, poleni." Watu wakaitukana serikali wiki nzima. Mama mmoja wa soko, ambaye hata darasa la saba hakumaliza, akamwambia atume picha ya risiti. Akasema imefutika. Mama akamwambia, "Kodi si siri ya ndoa baba, tuma risiti." Hakutuma mpaka leo. Grupu likavunjika, yeye akafungua lingine.

Hapo kuna funzo mara mbili. Laini ni yake, akaunti ni yake, kwa hiyo kwa macho ya kampuni mshindi ni yeye peke yake. Nyie wengine ni hadithi. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, jina lililo kwenye laini ndilo jina lenye pesa na ndilo jina lenye kesi. Kuna kijana wa sekondari huku Uyole alikuwa anabeti kwa laini ya mama yake. Aliposhinda, pesa ikaingia kwa mama, na mama akanunua bati. Tulicheka sana mtaani, lakini mama mwenyewe hakucheka alipoambiwa kwamba kumwachia mtoto chini ya miaka 18 abeti kwa jina lako ni kujitafutia shida.

Na mwingine ni mchezaji, alishacheza Sokoine tukamshangilia. Vijana wanamfuata awape "mechi ya ndani". Anawafukuza, wanamwita mchoyo. Kumbe anajua anachokikwepa: kanuni za maadili za FIFA zinamkataza mchezaji, kocha na mwamuzi kubeti mpira. Mwaka 2023 Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi minane England kwa sababu ya kubeti, na Sandro Tonali wa Newcastle akafungiwa miezi kumi na Waitaliano. Kama hao wenye mawakili wa bei mbaya hawakupona, mchezaji wetu wa daraja la kwanza anayetuma "tip" kwa WhatsApp atapona vipi?

Ili niwe mkweli, leseni nayo si ngao ya kila kitu. Kumbukeni majirani zetu Kenya mwaka 2019. Serikali na kampuni kubwa za kubeti walivutana kuhusu kodi ya asilimia 20 ya ushindi, pamoja na swali kwamba ile pesa uliyoweka mwenyewe nayo ihesabiwe kuwa ushindi au la. Leseni hazikuhuishwa Julai, na Septemba SportPesa ikatangaza kusimamisha shughuli zake kule. Ni SportPesa hiyohiyo ambayo mwaka 2017 iliingia kwetu na kudhamini Simba na Yanga. Kampuni kubwa inaweza kufunga mlango kwa sababu ya kodi. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wasigeuze akaunti ya kubeti kuwa benki. Ukishinda, toa.

Kwa wale mtakaobeti hata nikisema nini: angalieni leseni imebandikwa ukutani, na jina lililopo ndilo lililo kwenye risiti. Tumieni laini yenye jina lenu. Meseji ya mkeka na meseji ya malipo msizifute. Mkiambiwa "kodi imekata", ombeni karatasi inayoonyesha imekata kiasi gani. Na pesa ya ushindi ambayo haijaingia mkononi msiiahidi kwa mtu, hata kama timu zote sita zimekubali.

Mdogo wangu alichukua ile 120,000. Nilimwambia asichukue, kwamba akichukua jamaa atasema wamemalizana. Akaniambia, "Dada, wewe una kibanda. Mimi nina siku kumi na mbili za hesabu." Akaipeleka yote kwa mwenye pikipiki, siku kumi na mbili mara elfu kumi, akarudishiwa chombo kwa masharti mapya: akikosa siku tatu tu, mkataba umekufa. Sasa hivi anaamka saa kumi na moja alfajiri, baridi la Iringa mnalijua.

Kilichobaki ni ugomvi wangu na mama mdogo. Mimi nataka jamaa wa daftari aripotiwe, kwa sababu Jumamosi hii tena anaandika majina ya watoto wa watu. Mama mdogo hataki kusikia. Anasema huyo ndiye aliyesimama mbele wakati baba mdogo anazikwa, alichangisha jeneza, alilala matanga siku zote tatu. "Nikimpeleka polisi leo, kesho nikifa atakuja nani?" Nikamjibu, "Na Jumamosi akimla mtoto wa jirani, huyo jirani atakuja kukuzika?" Akaninunia, na mpaka naandika hapa hajapokea simu yangu.

Wadau, nyie mngefanyaje?