Gofu Lisilo na Ukuta

Msomaji wa pwani alisikiapo neno gofu, moyo wake huenda kwenye mawe. Huziona kuta za matumbawe zilizokumbatiwa na mizizi, mihrabu isiyo na paa juu yake, na kisima kilichojaa majani makavu. Ndivyo yalivyo magofu ya Kilwa Kisiwani, ya Songo Mnara, ya Gedi na ya Pate. Husuni Kubwa, kasri lililojengwa Kilwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, na hadi leo mtu aweza kuupima ukubwa wake kwa hatua zake mwenyewe. Nao washairi wa upwa huu walianza zamani kuyasoma magofu kama mawaidha. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, aliziangalia nyumba za Pate zilizobomoka, akawakumbusha walio hai mwisho wa mali na ufalme.

Je, gofu la nchi isiyojenga kwa mawe husomwaje? Swali hilo humngoja mtu wa pwani huko Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Akitoka mjini Bukoba na kuelekea Maruku, hufika katika kijiji cha Katuruka. Atakachokiona kwanza ni migomba, kisha mibuni chini ya migomba, kisha nyumba zilizofichwa na vyote viwili. Akiuliza ulipokuwa mji wa mfalme, yaani kikale kama waitavyo Wahaya, ataonyeshwa shamba. Hapana lango, wala boma. Nyumba ya mfalme ilikuwa msonge wa fito na nyasi tangu kileleni hadi chini, na nyumba ya namna hiyo isipoezekwa upya huirudia ardhi katika miaka michache. Hata hivyo wenyeji wa Katuruka wamesimulia kwa vizazi vingi kwamba hapo ndipo liliposimama jengo refu kupita yote ya Buhaya, tena jengo la chuma kitupu.

Jengo hilo ni mnara wa Rugomora Mahe. Rugomora alikuwa mfalme wa Kyamutwara, wa ukoo wa Bahinda, na utawala wake huwekwa katika karne ya 17. Masimulizi yasema kwamba aliwakusanya wafua vyuma, akawaamuru wamjengee mnara wa chuma utakaofika mbinguni, apate kuona kulikoje huko. Mafundi wakafua, wakaunga chuma juu ya chuma, mnara ukapanda. Hatimaye ukaanguka na kuua watu. Msikilizaji aliyelelewa chuoni pwani hatakosa kumkumbuka Firauni katika Kurani, aliyemwamuru Hamana auwashe moto juu ya udongo na kumjengea mnara, ili amchungulie Mungu wa Musa. Mkristo wa Kashozi au wa Ndolage ataukumbuka mnara wa Babeli. Ni rahisi basi kuikunja hekaya hii, kuiweka pamoja na nyingine nyingi za kiburi cha wafalme, na kuendelea na safari.

Lakini wazee wa Katuruka hawakuishia kwenye hekaya. Walikuwa na mti. Uliitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma, nao ulikuwa mti mkubwa sana, ukisimama jirani na makao ya Rugomora. Walisema kwamba habari za mnara zimefungwa pale chini. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, ambaye kwanza alikuwa amekaa na wazee akiwasikiliza, alichimba pale walipomwelekeza. Alikuta shimo la tanuri, mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo iliyopitishia upepo, na vyungu vya aina ya Urewe, ambavyo ni miongoni mwa vyombo vya kale kabisa vya wafua vyuma wa nchi za maziwa makuu. Makaa yalipopimwa umri, majibu yalirudi nyuma kuipita karne ya Rugomora, yakaupita hata mwaka wa kwanza wa Kristo. Baadhi ya vipimo viliukaribia mwaka 500 kabla ya Kristo. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya tarehe zile za mbali zaidi. Hata hivyo ni dhahiri kwamba watu wa kando ya ziwa hili walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,000 kabla ya jiwe la kwanza la Husuni Kubwa kuwekwa.

Mfalme na tanuri, basi, wametenganishwa na miaka ipatayo 2,000. Schmidt aliifasiri tofauti hiyo kwa namna inayostahili kutafakariwa. Bahinda walikuwa watawala waliokuja baadaye, na mfalme wao alipoweka kikale karibu na Kaiija, alijiegemeza kwenye mahali palipokuwa na heshima ya wafua vyuma tangu kale. Ukoo mgeni ulijivika utukufu wa mafundi. Kwa jicho hilo, hekaya ya mnara yaweza kusomwa kuwa kumbukumbu ya mfalme aliyeikusanya kazi ya mikono ya wengine ili imnyanyue yeye, na kazi ile ikakataa kumbeba. Mpenzi wa ushairi ataona pia jambo jingine. Hekaya ilikosea karne, ikapatia mahali. Chuma kilikuwapo chini ya mti ule ule, na muda wote huo kinywa kimoja kilikuwa kikikiambia kinywa kingine: ni hapa.

Ukubwa wa ndoto ya Rugomora hauonekani mpaka mtu ajue chuma chenyewe kilivyopatikana. Mwaka 1976 wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waliijenga tanuri upya, baada ya ufundi huo kuachwa kwa miongo mingi, maana majembe ya kutoka ng'ambo yalikuwa yameshaujaza soko. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, wakachoma nyasi za bwawani ndani yake, wakapanga mirija kulizunguka, kisha wakavuta mivukuto kwa zamu. Waliimba wakati wa kazi, kwa kuwa kwao tanuri ni kama mwanamke azaaye, na fundi aliye kazini alipaswa kujitenga na mkewe. Baada ya makaa mengi na jasho jingi, kilichopatikana ni donge la chuma, ambalo bado lilihitaji kufuliwa tena na tena ndipo liwe jembe. Mfalme aliyetaka mnara wa madonge hayo alitaka maisha ya watu wengi yamezwe na moto mmoja.

Bukoba ilipata baadaye mnara mwingine wa chuma, na huu hauna shaka ya hekaya. Kituo cha Wajerumani kilianzishwa hapo mwaka 1890 na Emin Pasha, na baada ya miaka palikuwa na ngome kando ya ziwa pamoja na mlingoti mrefu wa simu ya upepo. Juni 1915 askari wa Uingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana, wakaibomoa ngome na kuuangusha mlingoti. Kahigi wa Kihanja, mtawala aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amejengewa kwa msaada wa Wajerumani kasri la kuta za kudumu huko Kanazi. Lakini kuta hazikuulinda ufalme, kwani mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini Tanganyika. Na tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliziangusha nyumba nyingi za matofali mkoani Kagera na kuua watu. Mtu aliyezoea kuuamini ukuta ana la kujifunza huko. Mlingoti wa Wajerumani uliangushwa miaka michache zaidi ya 100 iliyopita, nao umebaki katika vitabu tu. Mnara wa Rugomora, ambao yamkini haukupata kusimama, ulikaa katika akili za watu kwa karne tatu, kwa sababu palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuukalisha humo.

Watu hao ndio waliokuwa kuta za Katuruka. Walikuwapo wanawake waliotunza mahali pa matambiko, wakifagia na kulinda mipaka. Walikuwapo wazee waliojua kila kipande cha ardhi kwa jina lake na kwa sababu ya jina hilo. Walikuwapo pia wapiga enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti, walioziimba tenzi za mashujaa na za Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba. M. M. Mulokozi, aliyezitafiti tenzi hizo kwa shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1986, aliandika baadaye juu ya manju Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, katika makala ambayo tangu jina lake inamwita wa mwisho wa mamanju. Kwa mtu ashukaye barabara ya kusini kupitia Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, katika nchi ya Ihangiro ya zamani, sifa hiyo ni nzito. Manju wa mwisho akizikwa, hubomoka kasri lenye vyumba vingi, na hapana jiwe litakalobaki la kuhesabia vyumba hivyo.

Kubomoka huko kulikuja kwa hatua. Kufutwa kwa utawala wa jadi kuliwaacha watunza mahali pa kale bila mlezi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikauvuruga mkoa. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ukawachukua hasa watu wazima wenye nguvu, wale ambao wangepokea maneno kwa wazee na kuyakabidhi kwa watoto. Nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Waswahili husema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Huko Buhaya mithali hiyo ilitimia mara mbili, maana hata Kaiija haupo tena. Schmidt aliporudi karibu na mwaka 2008, alikuta masimulizi ambayo zamani yalijulikana na wengi yamebaki kwa wachache.

Kwa bahati njema, habari haikuishia hapo. Wana-Katuruka wenyewe walitaka mahali pao parudishiwe heshima. Wakaunda kamati, wakawahoji wazee waliosalia, na safari hii wakagundua kwamba wanawake, ambao zamani watafiti hawakuwauliza sana, walikuwa wameshika mengi. Nyumba ya msonge iitwayo Buchwankwanzi, ya makao ya Rugomora, ikajengwa upya kwa fito na nyasi. Mtu wa pwani aweza kuuliza kama nyumba mpya ni gofu la kweli. Lakini msonge ulikuwa ukiezekwa upya hata mfalme alipokuwa hai, na asiyeezeka alikuwa ameshaiacha nyumba ife. Kule Kilwa, kurekebisha ni kuliongezea jiwe umri. Huku, kujenga upya ndiyo njia pekee ya kulihifadhi jengo, nayo humdai mtu mwenye mikono na mwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja.

Mawaidha ya Katuruka, kwa hiyo, hayafanani na yale ya Pate. Pate huwaambia walio hai kwamba kila kilicho juu kitaanguka, na ni kweli. Katuruka huongeza kwamba kilichoanguka chaweza kukaa miaka mingi sana, mradi awepo wa kukitaja, na kwamba mtajaji naye ni wa kufa. Katika mashamba ya huko jembe hupiga mara kwa mara kipande cheusi, kizito kuliko jiwe. Mtoto hukiokota, akakigeuza, akakipeleka nyumbani kuuliza ni kitu gani. Kila kitu hutegemea kama jioni hiyo yupo mtu mekoni wa kumjibu.